Beseni la Wakazi wa Chini

Shangazi, kama wote maabarani walivyomwita, alichambua viumbe wa bahari katika mabeseni matatu: wanaoelea wakichukuliwa na maji, wanaoogelea watakako, na wakazi wa chini, wanaojibanza sakafuni mwa bahari. Hilo la tatu lilimtia kiwewe. Kimya kingi kina mshindo!

Viumbe aliwashika kwa glavu. Mawe yaliyozolewa pamoja nao aliyatoa kwanza, kwa mkono mtupu, maana jiwe halimdhuru mtu. Leo akaliweka moja kiganjani alitazame. Jiwe likahema.

“Shangazi, usitikisike!” mwenzake akanong’ona. “Ni samaki huyo. Miiba ya mgongoni ina sumu!”

Vidole vilitaka kujikunja, akavikataza. Kijicho cha samaki kikachomoza, wakatazamana, wote wawili wakijifanya mawe.