Lori langu lilikuwa linachemka giaboksi kila likipanda Soni, nikamshuku baba mkwe

Wakuu, heshima kwenu. Wenye malori, wenye bodaboda na nyie mnaosoma kimyakimya bila kukoment, sogeeni. Haya yamenikuta mwenyewe, sijahadithiwa, na mke wangu akiuona uzi huu nimekwisha. Tutunziane siri.

Nina lori la tani saba. Linashusha kabichi na viazi, linapandisha saruji kutoka Mombo, chini ya mlima. Kulala linalala Magamba, juu kwenye baridi, kwa wakwe zangu, maana kwangu hakuna pa kuliweka.

Dereva wake ni baba mkwe.

Najua mnachotaka kusema. Mzee kaendesha malori maisha yake yote, alipostaafu akawa anashinda nyumbani anamkera mama mkwe. Mke wangu akaniomba, ningekataaje? Ila kumwajiri mkwe ni shughuli. Asubuhi unampa shikamoo mfanyakazi wako, kisha unasimama mikono nyuma unasubiri akuambie leo mtapakia nini.

Tulienda vizuri mpaka baridi ya mwezi wa sita. Aliyewahi kulala Magamba kipindi kile ananielewa. Lori likawa gumu kuwaka. Sasa mama mkwe ana cherehani, na kwake hakuna kitu kisichovikwa kitambaa, kuanzia redio mpaka mtungi wa gesi. Akalionea lori huruma, akalishonea koti la pua.

Turubai nje, blanketi ndani, kamba pembeni, maua mekundu katikati. Linafunika uso wote chini ya kioo. Lilipendeza, sisemi uongo. Pale Soni, katikati ya mlima, watu walikuwa wanalipiga picha.

Haukupita muda, mzee akaanza kuleta taarifa. Akipanda kutoka Mombo presha ya oili inashuka, taa nyekundu inawaka, na giaboksi inapata moto mpaka sakafu ya kebini inaunguza kisigino. Kushuka hamna shida. Tambarare hamna shida. Ni kupanda tu.

(Geji ya joto la maji ilikufa kabla sijalinunua. Msinisimange.)

Nikalipeleka kwa fundi Lushoto mjini. Akalivua koti, akalikunja taratibu kama nguo ya kanisani, akainua kebini, akapima. Presha safi. Akabadilisha oili na filta, akalizungusha mjini, safi. Akalirudishia koti lake, akafunga kamba vizuri, akaniambia gari ni zima, niangalie dereva.

Hapo shetani akaniingia. Nikakumbuka mzee siku hizi anachelewa. Kila penye kona pana anasimama, anakunywa chai, anasalimia watu. Nikajisemea mzee kachoka, anang'ang'ania gia kubwa mlimani, ananiulia giaboksi.

Sasa unamwambiaje mkwe wako kwamba hajui gia? Nikapitishia kwa mke wangu, amuulize baba kwa upole kama bado anajisikia vizuri kuendesha. Kumbe neno lile halina upole. Kesho yake mzee akaniletea ufunguo umefungwa kwenye leso, akasema anaomba apumzike kidogo. Hakugomba. Mke wangu akaacha kuniongelesha, na chakula kikaanza kuja kimepoa.

Niliumia, wakuu. Mzee alikuwa anapiga mluzi akiliosha lile lori. Sasa alikuwa anakaa barazani anaangalia barabara.

Nikaanza kuendesha mwenyewe. Natoka Mombo jua kali, saruji imejaa, gia ndogo, napanda kwa adabu zote. Kabla sijafika Soni, taa nyekundu hiyo. Sakafu imechemka. Sasa dereva mbovu ni nani?

Nikasimama niongeze maji. Kuifikia rejeta lazima uvue koti, nikalivua, joto likanipiga usoni kama nimefunua sufuria ya makande. Nikalitupa kebini, nikasubiri lori lipoe, nikaondoka. Likapanda mpaka Lushoto taa haijawaka tena.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Rejeta inataka upepo. Na giaboksi ya lori hili ina rejeta yake ndogo ya kupoza oili, imekaa palepale mbele. Sisi tumelivika blanketi tukalipandisha mlima. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, presha itatoka wapi? Na kwa fundi lilionekana zima kwa sababu kabla ya kupima alilivua koti.

Nikaenda moja kwa moja kwa mzee. Nikampa shikamoo, nikamweleza yote na kuomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akachungulia jikoni kuona kama mama yuko mbali, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, mimi nilijua ni koti tangu wiki ya kwanza. Zile chai zote nilikuwa nasubiri lipoe."

Nikamuuliza kwa nini hakulivua tu njiani.

"Wauza mboga wa Soni nusu yao ni ndugu zake mama, wangemfikishia. Na ameshona lile mpaka vidole vikavimba. Heri nionekane sijui gia kuliko nimwambie halifai."

Mzee aliachia kazi anayoipenda ili mkewe asisikie neno moja. Nikamrudishia ufunguo kwa mikono miwili.

Funzo wakuu: kabla hujafungua giaboksi wala kumfukuza dereva, angalia kwanza kama upepo unafika kwenye rejeta. Halafu muulize dereva anaogopa nini nyumbani.

Kwa sasa koti tumelihamishia nyuma, linafunika mzigo. Mama aliliona, akauliza. Mzee akamjibu uso mkavu kwamba pua ya lori imeshazoea, siku hizi linasikia baridi mgongoni.

Mama akafikiri kidogo, akasema basi hilo libaki nyuma, atashona jingine la mbele, nene zaidi. Turubai ameshanunua.

Mwenye wazo aliandike hapo chini, na aandike leo. Mimi na mzee tunasikia cherehani.