Nyuzi Zielekee Kwangu

Mdogo wangu Leland Zabka alikuwa analipwa kwa kupiga mpira kwa mguu katika futiboli ya Kimarekani, ile inayochezwa zaidi kwa mikono, na najua wapo wanaodhani hiyo si kazi. Hata wenzake wa timu walidhani hivyo. Wao wanagongana vichwa mchana kutwa mpaka damu zinawatoka puani, yeye kasimama pembeni na suruali safi, anangoja. Anaitwa mara chache, anapiga, anarudi kukaa. Mpira ukipita kati ya milingoti, hakuna anayekumbuka. Ukienda kando, wanakujua mpaka wake za wachungaji.

Tulilelewa shambani, nje kidogo ya mji wa Vesely, Nebraska, mahindi mbele, mahindi nyuma. Baba alichomelea milingoti kwa mabomba ya zamani ya kumwagilia maji, akaisimamisha nyuma ya ghala, na kwa kuwa Leland hakuwa na kaka, mshika mpira nikawa mimi. Kazi yenyewe ni hii: unapiga goti, unaudaka mpira, unausimamisha wima kwa ncha ya kidole, mwenzako anakuja mbio na kuupiga. Mpira wetu una umbo la yai, na upande mmoja una nyuzi nene za kushonea. Hizo nyuzi lazima zitazame milingoti. Zikimtazama mpigaji, mguu unagusa pale palipotuna na mpira unakwenda unakotaka wenyewe. Nilijua mapema kuugeuza kwa vidole bila kutazama, maana nikikosea Leland alilia, na akilia yeye, aliyegombezwa na Mama ni mimi.

Kitu kingine tulichofundishwa ni kwamba mpigaji hasemeshwi. Kabla hajapiga hatakiwi heri, haulizwi hata saa. Timu nzima humwepuka utadhani ana tetekuwanga. Siku za mechi Baba alikuwa anatupitishia bakuli la viazi mezani kwa ishara ya kidevu, na sote tunatafuna kimya. Mimi mdomo wangu haujui likizo, kwa hiyo mnaweza kufikiria nilivyoteseka.

Alimaliza chuo akiwa mpigaji mzuri, lakini wapigaji wazuri ni wengi na nafasi ni chache. Mambo yao huamuliwa Jumanne. Mpigaji wa timu fulani akiboronga Jumapili, Jumanne wanaitwa wengine kutoka pande zote za nchi, wanapiga mbele ya kocha aliyeshika kikombe cha kahawa, mmoja anabakizwa, waliobaki wanarudishwa uwanja wa ndege na mikate yao mikononi. Leland alikuwa mtu wa kurudishwa. Siku nyingine zote alifanya kazi kwenye maghala ya nafaka ya ushirika pale Vesely, akifagia punje na kupima magari ya wakulima, na meneja alishazoea kumwona hayupo Jumanne.

Halafu Jumanne moja hakurudi. Timu moja ya mashariki ilimbakiza. Mshika mpira wake huko alikuwa Lamont Treadway, mtu wa Georgia, mrefu, mpole, mwenye vidole kama vya mpiga piano. Wakawa wanakaa chumba kimoja safarini. Krismasi Lamont alimtumia Mama kifurushi cha pekani, njugu za kwao zinazozaa mitini, na Mama akampelekea maandazi yetu ya Kicheki, ya asili ya babu zetu, yenye jamu ya plamu. Nilifurahi, nasema kweli. Ndugu yangu alikuwa amepata mtu wa kumshikia.

Msimu wa pili timu ilifika kwenye mechi za mtoano, Januari, theluji imesukumwa pembeni mwa uwanja. Zimebaki sekunde tatu, wako nyuma kwa pointi mbili, mpira ukiingia ni pointi tatu, na Leland anaitwa apige kutoka yadi thelathini na moja. Yadi thelathini na moja angeweza kupiga amesinzia. Nilikuwa sebuleni kwetu mbele ya runinga, na Baba aliinua mkono tusipumue. Mpira ukarushwa nyuma, Lamont akaudaka, akausimamisha, Leland akaupiga, ukapinda kushoto, ukapita nje ya mlingoti. Basi. Msimu ukaisha hapo hapo.

Lakini mimi nilikuwa nimeziona. Nyuzi zilikuwa zinamtazama Leland. Waliporudia picha polepole ndio kabisa, zilikuwa nyeupe pee, zimemkodolea macho. Nikamwambia Baba, naye akasema, najua, nyamaza.

Waandishi wa habari wakamzunguka chumba cha kubadilishia nguo. Mmoja aliuliza kama mpira ulishikwa vizuri. Leland akajibu, "Mpira ulishikwa vizuri. Aliyekosea ni mimi." Nyuma yake Lamont alikuwa anafungua viatu, hakuinua uso.

Walimfukuza kabla theluji haijayeyuka, na hakuna timu nyingine iliyompigia simu. Nilimpigia mimi, nikamwambia aseme ukweli, picha zipo, hata kipofu ataziona. Akanijibu kwa ile sauti yake ya taratibu: kwetu mshika mpira hatajwi, aliyepiga ndiye aliyekosa. Halafu mke wa Lamont ni mjamzito. Nikamuuliza na wewe je? Akasema, "Dada, acha." Nilikasirika nikakata simu.

Akarudi kwenye maghala. Watu wa Vesely si wabaya, ila wana midomo, na midomo yao haichoki. Emil Kucera, fundi wa matrekta, kila akimkuta hotelini asubuhi alikuwa anamwonyesha kwa vidole viwili: "Leland, mlango wa kutokea uko huku, katikati, usije ukapinda kushoto." Wote wanacheka, Leland naye anacheka, anakunywa kahawa yake. Mimi nilikuwa natamani kummwagia Emil ile kahawa kichwani. Miaka kumi na miwili nilitembea na ukweli huo mdomoni, na kwa kuwa mdogo wangu alikuwa ameniomba, sikuutema. Roho iliniuma kila siku ya Mungu. Jina la Zabka lilikuwa limegeuka mzaha wa watu wanaongoja mayai yao yakaangwe.

Mapema katika miaka hiyo, vuli moja baada ya mavuno, alinijia jikoni na mpira wa zamani, akaniomba nikamshikie. Nilidhani anataka kujikumbusha ujana. Tulipofika kwenye ile milingoti ya Baba, nikapiga goti, akasema, "Nyuzi zielekee kwangu." Nikamuuliza kama ana wazimu. Akasema nifanye tu. Wa kwanza ulikwenda kwa ng'ombe wa jirani. Wa pili ukagonga ghala. Nikamwambia ndivyo inavyokuwa, nini unachotafuta hapa na magoti yangu haya? Akaenda kuufuata mpira. Kesho yake akaja tena.

Ikawa desturi yake. Kila vuli, mahindi yakishavunwa, tulikuwa tunatoka, mimi nalalamika, yeye anapiga. Alibadilisha hatua za kukimbia, akaanza kupiga chini zaidi, akawa anageuza nyonga kidogo sana mwishoni. Miaka ikaenda. Ikafika mahali mipira mingi inaingia, halafu karibu yote. Nikadhani ni kichwa kigumu tu, na katika ukoo wetu hicho kipo cha kutosha.

Kisha Lamont akapiga simu. Alikuwa amestaafu, anapita Omaha kikazi, angependa kuja. Alifika kwa gari la kukodi, nywele zimeanza mvi, akakaa mezani kwa Mama, ambaye hatunaye tena, nikampa maandazi ya plamu. Alimega kipande, akakishika tu.

"Leland, niliuweka vibaya," alisema. "Nilizisikia nyuzi kwa kidole, nikajua, na sikuwahi kugeuza. Halafu ukawaambia wale watu uliyowaambia, na mimi nikanyamaza. Sijalala vizuri tangu siku ile. Nataka kuliambia gazeti. Niambie tu nimpigie nani."

Mungu anisamehe, moyo wangu ulicheza. Namba ya gazeti naijua kwa kichwa. Nilishamwona Emil Kucera amekaa kwenye kiti chake pale hotelini anasoma, kahawa inapoa. Nilikuwa nimeshanyanyuka kuifuata simu.

Leland akapangusa makombo mdomoni. "Twendeni nje," akasema.

Tukatoka. Mabua yaliyokatwa yalikuwa yanalia chini ya viatu, upepo ulikuwa mdogo. Leland akapima kwa macho, akaweka kisigino ardhini, yadi thelathini na moja, akampa Lamont mpira. Lamont akapiga goti na kuugeuza bila kufikiri, nyuzi mbele, kama anavyopaswa.

"Hapana," Leland akasema. "Zielekee kwangu. Weka kama siku ile."

Lamont akakataa. Leland akasubiri tu, mikono imening'inia. Mwisho Lamont akazigeuza. Mimi nilifunga mdomo, maana mpigaji hasemeshwi. Leland akarudi nyuma, akashuka kidogo begani, akaja. Mpira ukapanda, ukapita katikati ya mabomba ya Baba, ukavuka ua, ukatua kwa jirani.

"Umeona?" akasema Leland, anahema kidogo, kesha kuwa mtu mzima. "Hata zikinitazama unaingia. Siku ile nilipiga vibaya, Lamont. Ni mimi."

Lamont hakusimama. Alibaki kwenye goti, ameshika mabua, anatazama ile milingoti. Hapo ndipo nilipoelewa zile vuli zote, yale magoti yangu yote, na nilitaka kulia na kumpiga mdogo wangu kofi kwa wakati mmoja. Kisha Lamont akageuka, akanitazama mimi. Hakuwa mjinga. Aliniuliza kwa heshima, kama mtu anayemuuliza daktari.

"Dada Arlene, wewe ndiye uliyemshikia tangu mwanzo. Ni kweli? Alikuwa anaweza hivi zamani?"

Leland hakuniangalia. Alikuwa anasafisha udongo kwenye kiatu.

"Tangu utotoni," nikasema. "Nyuzi hazikuwahi kumsumbua. Mpira ule aliukosa mwenyewe."

Lamont akafunika uso kwa vile viganja vyake virefu, na mabega yakamshuka. Tulimwacha hapo mpaka alipokuwa tayari. Kisha tukarudi ndani, nikapasha kahawa moto, na alikula maandazi yote yaliyokuwa kwenye sahani.