Shanga Mbili kwa Shingo Moja

Dada yangu Ottilia hakuwa mtu wa kuamini kitu. Hata chumvi aliionja kabla ya kuinunua. Simlaumu sana. Aliwahi kununua hereni za dhahabu kwa mchuuzi mmoja kule Mbinga, na hiyo dhahabu ikamwozesha masikio. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Kwa hiyo mumewe, shemeji Aloisi, aliporudi Mbamba Bay kutoka migodi ya Makaburu, mara baada ya Uhuru, nilijua atakaguliwa. Alifungua sanduku lake la bati mbele yetu, akatoa shanga mbili za kioo. Mmoja ulikuwa wa bluu, mzito, wenye punje nene. Mwingine mwekundu, unaometameta.

"Zimetoka Japani, Mama Ida," alimwambia dada. "Wanazitengeneza kwa mkono, punje moja moja juu ya moto. Chagua unaoupenda."

"Huo mkono uliuona wewe?"

"Aliyeniuzia ndiye aliyeniambia."

"Ahaa," dada alisema.

Mwingine angevaa na kushukuru. Dada alizipeleka ufukweni, tulikokuwa tukianika usipa, wale dagaa wetu wa ziwani. Akazitumbukiza majini, akazisugua kwa mchanga aone kama rangi itatoka, akaziuma. Mwisho akazigonga kwa mpini wa kisu. Hakuna punje iliyopasuka. Ila uzi wa ule mwekundu ulikuwa wa pamba, na tayari ulishaanza kuachia.

"Nachukua wa bluu," alisema. "Huu utavumilia jembe." Macho yake yalibaki kwenye ule mwekundu.

Aloisi akaurudisha mwekundu sandukuni, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

"Kalista," dada aliniambia, "mwanamume hanunui shanga mbili kwa shingo moja. Ule una mwenyewe."

Basi akawa mlinzi wa sanduku. Akifagia, analitazama. Akimtengea mumewe ugali, analitazama. Nilichoka naye, nikamwambia amwulize tu. Akasema mwizi haulizwi kama ameiba.

Asubuhi moja Aloisi alipotoka, dada alilifungua. Ushanga haukuwemo.

"Twende kwa Ephrasia," alisema. Ephrasia alikuwa mjane aliyeshona nyavu za watu, na siku hizo shemeji alikuwa haishi kupita kwake. Njia nzima niliogopa. Nilijua dada akiukuta ule ushanga kwenye shingo ya Ephrasia, atamchukua mwanawe Ida na kurudi kwa wazazi wetu Chiwanda, na hakuna atakayemrudisha.

Tulimkuta Ephrasia uani na wavu wake mapajani. Shemeji alikuwa ameketi pembeni, kwenye mkeka, akitunga punje nyekundu kwenye uzi wa nyavu.

"Wa nani huo?" dada aliuliza, bila hata salamu.

Aloisi alishtuka. "Wako. Kila siku nakuona unalitazama sanduku. Nikajua unautamani, ila uzi ndio ulikukatisha tamaa. Huu wa Ephrasia ni nailoni, nimeuomba siku nyingi; hauozi majini."

"Na kwa nini ulinunua mbili?"

Alimtazama Ephrasia, akanitazama mimi, kisha akaangalia chini. "Nimekaa huko miaka mingi, Mama Ida. Nilipofika dukani nikakuta nimesahau unapenda rangi gani. Niliona aibu kukuuliza."

Ephrasia aliendelea kushona kana kwamba hasikii. Mimi niliumia moyoni. Dada yangu alikuwa amejiandaa kusikia jina la mwanamke, na kwa hilo alikuwa na majibu ya kutosha. Alizitazama zile punje mkononi mwa mumewe.

"Nyekundu," alisema hatimaye. "Tangu unanioa, ni nyekundu."

Akaketi kwenye mkeka, akamsubiri amalizie punje zilizobaki na kufunga fundo. Kisha akamnyang'anya ushanga, akauvuta kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote. Haukukatika. Akauvuta tena. Ndipo akamrudishia mumewe, akainamisha shingo avalishwe.