Mayai ya Mama na Chaki ya Wifi

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kila kinachopita mikononi mwake lazima akichore chaki. Vitambaa, mlango, ukuta, hata soli ya kiatu cha kaka yangu siku aliposinzia karibu na meza ya kukatia. Anaipenda chaki kwa sababu inafutika. "Ukikosea unapangusa, maisha yanaendelea," ndivyo anavyosema.

Mama alipokwenda kufanyiwa upasuaji wa jicho, alimwachia wifi kuku anayeatamia. Tulishangaa wote. Miaka kumi na miwili wifi ameishi nasi, na Mama hakuwahi kumkabidhi kitu, si funguo za kabati, si sufuria yake kubwa. Mambo ya Mama yalikuwa yangu mimi bintiye, pamoja na kumtia dawa ya macho. Lakini mimi ninaogopa kudonolewa, na Mama anajua.

Kuku mwenyewe alikuwa mtetea mchanga, ndiyo kwanza anaatamia, amejikunyata ndani ya beseni bovu nyuma ya mlango wa stoo, kimya na kisirani. Nikamwita Bibi Harusi. Chini yake kulikuwa na mayai kumi na moja.

"Nikirudi nikute vifaranga," Mama alimwambia mkwewe akipanda gari na kaka. "Na kama huna budi kuharibu kitu, haribu cherehani yako."

Tulicheka, na wifi akacheka. Lakini yale maneno yalimchoma. Siku hiyohiyo aliyatia mayai yote alama ya chaki ya bluu, maana kuku mweupe wa Mama ana tabia ya kutaga popote panapompendeza.

Chaki juu ya yai! Kuku anayeatamia huyageuza mayai kutwa kucha na kuyasugua kwa kifua. Siku ya nane wifi alinijia mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Wifi, mayai yamekuwa kumi na manne."

"Toa yasiyo na alama."

"Yote hayana alama."

Tulisimama mlangoni pa stoo tukitazamana. Matatu yalikuwa ya kuku mweupe, lakini matatu yapi? Tukitoa ovyo tutatoa ya Mama. Tukiyaacha, mengine yatachelewa, na Bibi Harusi mwenyewe hajui hata alipo. Jirani muuza mkaa akasema tuyamulike kwa tochi. Tukayamulika, tukaona wekundu na vivuli, tusijue kivuli kipi ni kifaranga na kipi ni kidole changu. Tukayarudisha yote kumi na manne.

Siku ya ishirini na moja, asubuhi, akatoka wa kwanza. Bibi Harusi akamtazama kwa jicho hili, akamtazama kwa lile, halafu akamdonoa kichwani. Wifi akapiga yowe.

"Anamuua mwanawe!"

"Labda anamsalimia."

"Ndiyo salamu gani hiyo?"

"Sijui, wifi. Mimi nimezaa watu."

Hakumuua. Kufikia jioni walikuwa saba. Kesho yake wakaanza kuchomoza chini ya mbawa wakilia, na mama yao kaganda juu ya mayai saba yaliyobaki. Wifi akaweka maji kwenye kifuniko cha kopo, akatia vijiwe wasizame, akamwaga chenga za mahindi. Kuku hakushuka, na wale wadogo hawakujua chenga ni za nini. Basi wifi akapiga magoti akawa anagonga sakafu kwa ukucha kuwafundisha kula, huku nguo za wateja zimelala mezani. Alikuwa amevurugikiwa kabisa. Hakujua aondoe vifaranga, aondoe mayai, au ajiondoe yeye.

Siku ya tatu Bibi Harusi aliamka mwenyewe. Akajikung'uta, akaita kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, akatoka na watoto wake saba bila kugeuka nyuma. Mayai yakabaki yanapoa, na Mama alikuwa anarudi mchana uleule.

Wifi aliyaweka sikioni moja moja. Sita yalikuwa kimya. La saba lilikuwa linagongwa kutoka ndani.

"Hili ni la Mama au la kuku mweupe?"

"Wifi, kuku mweupe naye si wa Mama?"

Alinitazama kana kwamba nimempa habari mpya. Kisha akalizungushia kipande cha flana, akalitia kifuani, akaketi kushona akiwa wima kama nguzo.

Mama alifika na miwani nyeusi, kaka amemshika mkono. Wifi akasimama mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unaniamkia kwa mbali? Wamekufa?"

"Wapo saba, mama. Mayai niliyatia chaki ikafutika, yakachanganyika na mengine. Sijui yapi yalikuwa yako. Moja lililo hai ninalo hapa."

"Hapa wapi?"

"Kifuani."

Nikangoja radi ipige. Mama akanyoosha mkono, akapapasa bega la mkwewe, akainamisha sikio kifuani pake. Ndani ya flana kitu kikalia, kwa mbali sana.

"Usimbandulie ganda, atatoka mwenyewe," Mama akasema. "Jua likizama, msukume chini ya mama yake taratibu. Na siku nyingine, mwanangu, tumia mkaa."

Mwanangu. Wifi akaikaza flana kifuani.

Saa ya dawa ilifika. Nikanawa mikono, nikafungua kichupa kama miaka yote. Mama akavua miwani, akarudisha kichwa nyuma, kisha akanizuia.

"Wewe una pupa, hunimwagia mpaka shavuni. Mpe yeye."

Wifi akanawa, akakipokea kichupa.

"Mama, je, nikikosea?"

"Ukikosea utapangusa," Mama akasema, akafumbua jicho.

Tone likaangukia palepale. Mimi nilibaki nimeshika kifuniko na wivu wangu.