Gari Lililotiwa Kalafati

Mume wangu alikuwa fundi wa vyombo vya baharini Matondoni, kazi aliyofunzwa na marehemu babu yangu, baba yake mama. Maishani mwake hakuwa amepanda hata baiskeli. Basi aliporudi nyumbani kwetu Langoni akasema amepata gari, nilimuuliza kama amepigwa na jua.

Lilikuwa gari la ofisa wa Kizungu aliyerudi kwao karibu na uhuru, akaliacha Mokowe, ng'ambo, chini ya kibanda cha makuti. Kutu ilikuwa imelila sakafu. Mchwa nao walikuwa wamemaliza mbao za ndani, zile za milangoni na ule ubao wa mbele ya dereva.

"Ni la kumpelekea mamako Witu," akanambia.

Witu ndiko alikoolewa dada yake mama, dada wa pekee, na habari zilikuwa zimetufikia kwamba macho yake hayaoni tena. Mama naye miguu ilimvimba, kupanda lori hawezi. Kila akimaliza kusali aliniuliza ataenda lini, kabla masika hayajaifunga njia. Nilikuwa nimechoka kumjibu inshallah.

Injini ilishughulikiwa na makanika mmoja wa bara, Mkristo mpole aliyetengeneza malori pale Mokowe. Mume wangu alichukua yaliyobaki. Kutu aliikwangua kwa vyuma vyake vya kukwangulia mashua, kisha akachonga mbao mpya za mbambakofi, akizijaribu na kuzitoa, akizijaribu na kuzitoa, mpaka zikakaa mlangoni kana kwamba zimeota hapo. Siku aliyonipeleka kuziona nilipitisha kidole nikitafuta kiungo, nisikipate. Nilijivunia mume wangu siku ile, ingawa sikumwambia, maana kichwa chake kilikuwa kikubwa tayari.

Kisha akaharibu. Sakafu alikuwa ameiziba kwa mabati, na kila palipobaki ufa akapatia kalafati: pamba iliyolowekwa mafuta ya papa, akaishindilia kwa nyundo kama babu alivyomfunza kwenye mashua. Mafuta yaliyobaki akazipaka mbao zote, akarudia tena. Makanika alipofungua mlango alirudi nyuma.

"Mzee, hii ni gari. Haiendi baharini."

"Mbao ni mbao," mume wangu akamjibu. "Na mvua ni mayi."

"Ungeniambia, ningekutafutia vanishi."

Nilikasirika, sifichi. Nilimwambia mume wangu kwamba mamangu si nguru wa kubebwa na uvundo. Nikasugua kwa sabuni, nikasugua kwa ndimu, nikafukiza udi huku nimefunga vioo. Gari likanuka papa na udi. Mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kujikusanya, na hapakuwa na muda wa kungoja harufu iishe.

Tukaenda hivyo hivyo. Makanika aliendesha kichwa kikiwa nusu dirishani. Mama alijifunika pua kwa buibui toka Mokowe, na hilo ndilo lililoniumiza. Safari aliyoiomba miaka yote, naye anaipitisha akizuia pumzi. Mume wangu sikumtazama njia nzima.

Witu tulisimama mlangoni hasa. Mama hakuweza kushuka upesi, kwa hiyo mama mkubwa akaletwa garini na binti yake. Alikuwa amekonda, mkono mmoja ameunyosha mbele. Mkono ule ulifika kwenye ubao wa mlango kabla haujamfikia mama, ukasimama hapo. Akaupapasa ubao, kisha akakinusa kiganja chake.

"Dadangu, ni mimi," mama akasema. "Nimekuya."

Mama mkubwa alinusa tena, na machozi yakaanza kumtoka katika yale macho yasiyoona.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hii ni mikono ya baba."

Mume wangu alijifanya anakagua gurudumu. Mama akamtazama dada yake, akautazama ubao ule ambao mimi nilikuwa nimeusugua kwa ndimu. Kisha akaliteremsha buibui kutoka puani, akavuta pumzi ndefu, naye akaanza kulia.