Kikombe cha Abu Sayil

Baba yangu, Abu Ghaith, ametengeneza umeme wa magari mjini Zarqa miaka thelathini, na sijamwona hata siku moja akimbembeleza mteja. Ukimletea gari lililotiwa kipande cha waya mahali pa fyuzi, anakurushia funguo zako. Nilimchukia kwa tabia hiyo, hasa siku ya harusi yangu.

Wakwe walikuja kunichukua na magari kumi na mawili. Langu lilikuwa limefungwa honi ya upepo na shemeji yangu Mutlaq, fundi wa kujifundisha mwenyewe. Baba alifungua boneti kabla hajasalimia mtu. Mahali pa fyuzi palikuwa na shaba tupu. Waya wa rilei, swichi ya umeme ya honi, ulikuwa mwembamba kupita kiasi, nao ulipenya bila mpira tundu la bati linalotenga injini na miguu ya abiria, umeshachunika.

"Hakuna honi leo," alisema, akauchomoa.

Abu Sayil, baba mkwe wangu, akaingia sebuleni, akapewa kahawa, akaiweka chini bila kuionja. Kwetu mgeni akiweka kikombe hivyo ana ombi, hanywi mpaka akubaliwe, na mwenyeji akimnyima anaaibika mbele ya ukoo mzima.

"Rudisha waya, Abu Ghaith. Hatumbebi bibi harusi kimyakimya kama maiti."

"Narudisha. Ila utaushika wewe."

"Unanitisha na kiwaya?"

"Mwanangu atakaa nao mpaka kwenu Irbid. Wewe shika tu mpaka kahawa yako ipoe."

Wakatoka. Baba akaurudisha, Abu Sayil akaukamata kwa ngumi, Mutlaq akakandamiza honi. Nilikuwa dirishani na shela langu, namwomba Mungu baba yangu aumbuke. Haikufika dakika moja, Abu Sayil akauachia kwa tusi ambalo siandiki, plastiki imemgandia kiganjani.

Baba hakumpa pole. Aliwasimamisha wote juani saa nzima akitia waya mnene, mpira kwenye tundu, fyuzi karibu na betri.

"Sasa pigeni mpaka mchoke," alisema.

Abu Sayil alirudi ndani akainywa kahawa baridi kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo kwetu hata mlevi halifanyi. Hajamsalimia Baba tangu siku hiyo.

Honi ililia njia nzima. Mume wangu alikuwa akinisemesha, nami simsikii. Nilikuwa nimevua viatu vya harusi, nyayo tupu kwenye sakafu ya gari, pale waya ulipopita, nikingoja sakafu ipate joto. Haikupata.