Kitu Ambacho Mwenyewe Hayupo

Mazoezi ya kuandika huwa nayatunga asubuhi nikinywa chai, kabla sijaingia gredi ya saba. Nilipoanza kufundisha hapa Busia, upande wa Kenya, wanafunzi wangu walifungua kila insha kwa jua linalochomoza na ndege wanaoimba, hata insha ya ajali ya lori. Walikuwa wamekariri. Nikachoka na hao ndege, nikawapiga marufuku.

Zoezi la Ijumaa moja lilikuwa hili: eleza kitu kilichoko nyumbani kwenu ambacho mwenyewe hayupo. Usimtaje mwenyewe. Usiandike neno huzuni. Mimi huandika pamoja nao, maana sioni haki kumtuma mtoto mahali ninapoogopa kwenda.

Nikaandika juu ya mrija wa baba. Kwetu Nagongera, ng'ambo ya mpaka, pombe ya malwa hunywewa kutoka chungu kimoja, watu wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mtu akirudi nyumbani, mrija huoshwa na kuchomekwa chini ya paa la jikoni. Ukikaa mkavu muda mrefu unapasuka. Wa baba uko pale tangu tulipomzika. Nilieleza ile ncha iliyoingia weusi kwa midomo yake ya miaka mingi, nikajiona mwandishi kweli.

Msichana wa dawati la mbele akasoma insha yake. Ilihusu kikombe cha kijani chenye mkono uliokatika. Kila Jumamosi wanakiosha, wanakifuta, wanakirudisha kabatini, ingawa hakuna anayekinywea. Sote tulijua mama yake yuko Uarabuni kikazi. Hakuna aliyecheka, hata wale wa nyuma ambao hucheka kila kitu.

"Mwalimu, na yako?" akaniuliza.

Nikasoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakunja uso.

"Na hiyo mrija, nani huiosha ndio isipasuke?"

Sikujua. Nilisimama mbele ya watoto arobaini na chaki mkononi, nikaona aibu. Tangu mazishi sijakanyaga kwetu. Kila likizo nasema likizo ijayo. Ni safari ya asubuhi moja tu, teksi mpaka Tororo, kisha boda, lakini ule uwanja bila kikohozi chake siuwezi. Namkumbuka baba kiasi kwamba nimepakimbia mahali pake.

Kengele ilipolia nikaenda nyuma ya ofisi, nikampigia mama. Aliniuliza kwanza kama nimekula. Nikamwambia nimekula, ingawa sikuwa nimekula. Halafu nikamuuliza habari za mrija wa baba, nani anauosha.

Alinijibu kwa lugha yetu, bila haraka, huku nikimsikia akipepeta kitu.

"Si mimi? Kila Jumapili nikitoka kanisani. Napanda kwenye kigoda, naishusha yote miwili, nailowesha, naianika, nairudisha."

"Miwili?"

"Wa baba yako na wako," akasema. "Wako ndio ulikuwa umeanza kupasuka."

Akaendelea kupepeta. Baba ana sababu ya kutokuja kuuchukua wake. Mimi niko Busia.